Kununua dola 20 ya Saint-Gaudens bila kuingizwa mjini: mwongozo kamili

Picha zinazonifikia huwa za aina moja. Sarafu kubwa ya manjano juu ya kiganja, upande mmoja mwanamke ameinua mwenge, upande wa pili tai anaruka juu ya jua. Chini yake ujumbe mfupi: "Kaka, nimeinunua jana. Ni halisi?" Neno linaloniuma hapo ni "jana".

Wanaolizwa si wajinga. Wengi walikuwa waangalifu kiasi cha kuipeleka kwa sonara kwanza. Sonara akaisugua kwenye jiwe lake, akatia tindikali, akasema dhahabu ni safi, karati 21 na ushee. Hakudanganya. Tatizo ni kwamba aliulizwa swali moja, na sarafu ya kukusanya ina maswali matatu. Je, ni dhahabu? Je, iligongwa, yaani ilipigwa chapa, na kiwanda cha serikali ya Marekani? Je, imeachwa ilivyo, au kuna mtu aliisugua? Tena kwa kuisugua jiweni, sonara ameshalijibu hilo la tatu vibaya.

Mwongozo huu ni wa sarafu za dhahabu za Marekani za dola 20 zilizotengenezwa kati ya 1907 na 1933, kazi ya mchongaji Augustus Saint-Gaudens. Ndizo zinazonunuliwa sana na ndizo zinazoghushiwa sana. Ndugu zake wadogo, yaani sarafu za dola 10, 5 na 2.50, nitawagusa mwishoni.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kutoka nyumbani

- Mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01. Ile ya jikoni haifai.
- Kalipa ya kupimia kipenyo.
- Lenzi ya mkono inayokuza mara 10.
- Taa ya mezani yenye balbu moja. Mwanga wa bomba refu la dari huficha mikwaruzo.
- Sumaku ndogo yenye nguvu.
- Kikombe cha plastiki, maji safi ya chupa, na kipande cha mshipi mwembamba wa kuvulia samaki. Uzi wa pamba hunywa maji na kuharibu kipimo.
- Taulo nene la kutandika mezani. Sarafu ikidondoka kwenye vigae, hasara ni yako hata kama bado hujailipia.
- Simu yenye intaneti.

Acha nyumbani tindikali, jiwe la sonara na kila aina ya dawa ya kung'arishia.

Kariri vipimo hivi: uzito gramu 33.436, kipenyo milimita 34, dhahabu asilimia 90 na shaba asilimia 10. Dhahabu tupu iliyomo ndani ni aunsi 0.9675, kwa aunsi ile ya wauza dhahabu yenye gramu 31.1035.

## Hatua ya 1: Jua bei ya dhahabu kabla ya kutajiwa bei ya sarafu

Tazama kwenye simu bei ya aunsi ya dhahabu siku hiyo, kisha zidisha kwa 0.9675. Tuseme aunsi ni dola 3,000: dhahabu iliyomo ni dola 2,902.50. Hiyo ndiyo sakafu. Chochote juu yake ni ziada unayolipa kwa sababu ni sarafu, si kipande cha chuma.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba hesabu hii peke yake huondoa nusu ya matapeli. Mtu anayekuuzia kwa dola 1,500 kitu chenye dhahabu ya 2,900 hakufanyii hisani. Angeweza kuvuka barabara na kumuuzia sonara yeyote kwa bei ya kuyeyusha, tena leo hii. Rahisi huvunja upishi.

Umefaulu kama unaweza kusema kwa sauti: "Dhahabu ni kiasi hiki, ziada unayonidai ni kiasi hiki." Muuzaji wa kweli hatashtuka, maana hiyo ndiyo lugha anayoongea kila siku.

## Hatua ya 2: Soma tarehe, nyota na alama ya kiwanda

Hapa huhitaji kifaa chochote zaidi ya lenzi, na ghushi nyingi za ovyo hufia hapa.

Tarehe. Dola 20 hazikutengenezwa 1917, 1918 wala 1919. Ukiletewa ya mwaka mmoja kati ya hiyo, simama, shukuru, ondoka.

Alama ya kiwanda. Iko upande wa mwanamke, juu ya tarehe. D ni Denver, S ni San Francisco, na pasipo herufi ni Philadelphia. Hakuna O ya New Orleans wala CC ya Carson City katika aina hii. Linganisha pia herufi na mwaka: 1912 ziligongwa Philadelphia tu, 1916 na 1930 ziligongwa San Francisco tu. Hivyo 1912 yenye D haijawahi kuwepo.

Nyota. Zihesabu zile zinazozunguka upande wa mwanamke. Mpaka 1911 ni 46. Kuanzia 1912 ni 48, kwa kuwa majimbo ya New Mexico na Arizona yaliingia mwaka huo. Inachosha macho, lakini mtengeneza ghushi anayechanganya upande wa mbele wa mwaka mmoja na tarehe ya mwaka mwingine hukamatwa papo hapo.

Maneno. IN GOD WE TRUST yapo upande wa tai, juu ya jua. Sarafu za 1907 hazina. Za 1908 zipo zenye nayo na zisizo nayo, isipokuwa zenye S, ambazo zote zinayo. Kuanzia 1909 zote zinayo.

Onyo la kwanza ni la tarehe za Kirumi. Baadhi ya sarafu za 1907 zina mchoro uliotokeza juu sana na tarehe imeandikwa MCMVII. Hizo ni karibu 12,000 tu na bei yake ni ya kushika kichwa. Sasa, serikali ya Marekani ilianza 1986 kutoa sarafu za dhahabu zenye mwanamke huyuhuyu, na mpaka 1991 tarehe zake ziliandikwa kwa Kirumi pia. Anayeanza huona MCMLXXXVI akadhani ameokota almasi. Tazama thamani iliyoandikwa: hizo mpya za aunsi moja zinasema dola 50. Ni dhahabu nzuri, lakini ni kitu kingine.

Onyo la pili ni la 1933. Ziligongwa 445,500, kisha amri ya Rais Franklin Roosevelt ya kukusanya dhahabu ikazikuta hazijatolewa, zikayeyushwa. Iliyo halali mikononi mwa mtu binafsi ni moja tu. Iliuzwa mnadani New York 2002 kwa zaidi ya dola milioni 7.5, na 2021 kwa zaidi ya milioni 18. Nyingine kumi zilizojitokeza Philadelphia zilichukuliwa na serikali na mahakama ikaipa ushindi. Kwa hiyo ukiletewa ya 1933, ama ni ghushi ama ni kesi. Hakuna jibu la tatu.

## Hatua ya 3: Uzito, kipenyo, sumaku

Weka sarafu juu ya mizani. Sarafu ambayo haijatumika inapaswa kusoma kati ya 33.40 na 33.45. Iliyozunguka mikononi hupungua kidogo, lakini ikiwa inadaiwa ni mpya na mizani inasoma chini ya 33.3, rudisha.

Kipenyo kipime sehemu tatu tofauti, kote kiwe milimita 34. Shika kalipa kwa mkono mwepesi, usiibane sarafu.

Sumaku haipaswi kuivuta kabisa. Lakini usifurahi mapema: risasi, shaba na tungsteni (chuma chenye uzito unaokaribia wa dhahabu) navyo havivutwi.

## Hatua ya 4: Ipime majini

Kipimo hiki ndicho kinachochukua nafasi ya jiwe la sonara, na hakiachi kovu. Omba ruhusa ya muuzaji kwanza.

Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, kisha bonyeza kitufe kirudi sifuri. Funga sarafu kwa mshipi, ining'inize ndani ya maji mpaka izame yote, bila kugusa chini wala pembeni. Soma namba.

Namba hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Kwa mchanganyiko wa dhahabu 90 na shaba 10, dola 20 halisi husoma karibu 1.95. Ukigawa 33.436 kwa 1.95 unapata takriban 17.15, ambao ndio uzani wa mchanganyiko huo kwa kila sentimita ya ujazo. Tungsteni iliyopakwa dhahabu yenye uzito uleule itasoma karibu 1.74. Shaba nyeupe, risasi na wenzake watapita mbali, 2.9 kwenda juu.

Wanaokosea hapa hukosea kwa sababu mbili. Kuna viputo vya hewa vimenata kwenye sarafu, au sarafu imegusa chini ya kikombe. Itikise kidogo, rudia mara tatu. Ukimaliza, ilaze kwenye taulo na uigonge taratibu kwa kitambaa laini mpaka ikauke. Usiifute. Narudia: usiifute.

Umefaulu kama vipimo vitatu vinakaa kati ya 1.94 na 1.96. Sasa unajua ni dhahabu ya kiwango sahihi, yaani umefika alipofika sonara. Wengi huishia hapa wakalipa.

## Hatua ya 5: Geuza uone ubavu

Ubavu wa dola 20 ya Saint-Gaudens una maandishi yaliyotokeza, E PLURIBUS UNUM, herufi zikitenganishwa na nyota. Ukiona mistari midogomidogo kama ya meno ya kitana, si aina hii: ama ni dola 20 ya zamani ya kichwa cha Liberty (mwanamke anayewakilisha uhuru), ambayo ilikoma 1907, ama ni ghushi.

Zungusha polepole chini ya taa. Unatafuta mshono, yaani ule mstari mwembamba unaozunguka ubavu mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Unatafuta pia doa lenye rangi tofauti na alama ya kuunguzwa. Hizo ni za sarafu iliyowahi kuvaliwa kama kidani. Kwetu pwani pauni za dhahabu kwenye mkufu ni jambo la fahari, na Wamarekani nao walifanya vivyo hivyo na dola zao. Inapendeza shingoni, lakini lehemu ikishaondolewa kovu hubaki, na sarafu huuzwa kwa bei ya dhahabu au juu yake kidogo.

## Hatua ya 6: Lenzi juu ya uso

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo usiharakishwe na mtu.

Katikati ya karne ya 20 kulikuwa na warsha, nyingine zikiwa Lebanon, zilizotengeneza dola za Marekani kwa dhahabu ya kweli yenye uzito sahihi. Sarafu hizo hufaulu mizani, maji na sonara. Faida ya mtengenezaji haikutoka kwenye dhahabu, ilitoka kwenye ile ziada ya bei. Kwa hiyo lazima uisome kazi ya mkono wake.

Kwanza elewa zinavyotengenezwa. Mghushi huchukua sarafu halisi na kunakili sura yake kutengeneza chapa. Kila jeraha dogo lililokuwa kwenye ile halisi linanakiliwa pia, na kurudi kwenye kila sarafu atakayogonga.

Basi tazama majeraha. Sarafu halisi zilisafiri maelfu ndani ya magunia zikigongana, kwa hiyo zina vijeraha, na hilo si kosa. Kijeraha cha kweli kina kingo kali na ndani yake huwaka tofauti mwanga ukipita. Kijeraha kilichonakiliwa ni laini kama kimebonyezwa kwenye sabuni, na ndani yake kuna ngozi ileile ya sehemu inayokizunguka. Ukikuta sarafu mbili za muuzaji mmoja zina kijeraha kimoja, mahali pamoja, umbo moja, acha zote mbili mezani.

Kisha tafuta nyama isiyotakiwa: vinundu vidogo vilivyotokeza kwenye sehemu tambarare, au nyuzi nyembamba zinazotoka ukingoni kuingia ndani. Gunia huchimba, haliongezi nyama. Kitu kilichotokeza kimetoka kwenye chapa.

Halafu soma herufi na miale. Pande za herufi ziwe zimesimama wima, zisiwe zimelala kama mkate uliopondeka. Angalia vidole vya mwanamke, na lile jengo dogo la bunge lenye kuba chini upande wa kushoto. Tahadhari tu: zipo sarafu halisi zilizogongwa kwa nguvu kidogo, kwa hiyo sura iliyofifia peke yake si hukumu. Iunganishe na ushahidi mwingine.

Kama bei imepanda kwa sababu ya D au S, hamishia macho yote kwenye herufi hiyo. Chini yake pasiwe na mstari wa kuungia wala rangi tofauti. Herufi ya kubandikwa ni ujanja wa kale na bado unalipa.

Na kama ni MCMVII, tazama kucha za tai. Kuna mghushi hodari aliyetia sahihi yake humo, alama ndogo mno ya herufi ya Kigiriki omega. Kazi yake ni nzuri hivi kwamba ilisumbua wataalamu. Usinunue MCMVII isiyo ndani ya kasha lililothibitishwa (tazama hatua ya 8), hata ukiwa na lenzi kumi.

## Hatua ya 7: Je, imesuguliwa?

Ya kwanza niliyonunua mimi ilikuwa ya 1925. Chini ya taa za duka ilimeremeta kama sufuria mpya, nami nikaona ndiyo dalili ya uzima. Nilipoipeleka kwa kampuni inayopima daraja, yaani ubora wa sarafu, ilirudi imeandikwa kwamba ni halisi lakini ilisafishwa, bila namba ya daraja. Ziada yote niliyolipa iliyeyuka siku hiyo.

Ishike kwa ubavu, kidole gumba na cha shahada, kamwe usiguse uso. Iinamishe chini ya balbu moja na kuizungusha. Sarafu isiyoguswa ina mng'ao unaotembea, mfano wa miale ya gurudumu inayozunguka unavyoigeuza. Iliyosuguliwa inang'aa kote kwa pamoja bila kutembea, na lenzi itaonyesha mikwaruzo myembamba inayolala upande mmoja.

Kuchakaa kwa kawaida ni jambo jingine. Huanzia sehemu zilizotokeza zaidi: kifua na goti la mwanamke, bawa na kifua cha tai. Hapo rangi hufifia kwanza. Hiyo ni umri, haina aibu, inashusha daraja tu.

## Hatua ya 8: Hakiki kasha, kisha hakiki sarafu iliyomo

Kampuni mbili za Marekani zinazoaminiwa zaidi kupima daraja ni PCGS na NGC. Hutazama sarafu, huipa namba kwenye kipimo cha 1 hadi 70, huifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Kuanzia 60 ni sarafu ambayo haikutumika.

Tatizo ni kwamba makasha nayo yanaghushiwa. Tena mjanja huchukua namba ya kweli ya sarafu nyingine, ili ukiitafuta mtandaoni uone inakubali. Kwa hiyo usiishie kwenye namba. Fungua ukurasa wa kampuni, ingiza namba, soma mwaka, herufi na daraja, na kama kuna picha, tafuta vijeraha viwili vitatu unavyoviona kwenye sarafu iliyo mkononi mwako. Vijeraha hivyo ni alama za vidole. Vikikosekana, hiyo si sarafu ya kwenye picha.

Kwa mgeni, ushauri wangu ni mmoja na siutikisi: chochote chenye ziada kubwa juu ya dhahabu kinunue ndani ya kasha lililohakikiwa hivyo. Hatua ya 3 hadi ya 5 ni za sarafu za wazi zinazouzwa karibu na bei ya dhahabu.

## Hatua ya 9: Hakikisha unacholipia ni unadra wa kweli

"Ziligongwa chache" ni wimbo wa kila muuzaji. Lakini zilizogongwa na zilizobaki ni vitu viwili. Mwaka 1908 San Francisco iligonga 22,000 tu, na bado ya 1908-S unaweza kuitafuta ukaipata. Mwaka 1927 Denver iligonga 180,000, na leo zinazojulikana ni kama dazeni moja na ushee. Zile za 1908 zilishaingia mitaani. Za 1927 zilikuwa bado zimelala kwenye hazina, tanuri likazikuta humo baada ya 1933.

Kinyume chake nacho kipo. Ya 1924-S iliwahi kuhesabiwa miongoni mwa adimu kabisa, mpaka magunia yakaanza kutokea kwenye benki za Ulaya, ambako dola 20 zilikuwa zimepelekwa kulipia madeni ya kimataifa. Waliokuwa wamenunua ghali walibaki wanatazamana.

Kwa mfuko wa kawaida, anza na 1908 isiyo na maneno ya Mungu, 1924, 1927 au 1928. Ni nyingi, ziada ni ndogo, na utajifunzia macho hapo. Zinazotajwa kwa unong'ono, 1920-S, 1921, 1930-S na 1931-D, ziache mpaka uwe na mtu wa kukushika mkono.

## Hatua ya 10: Lipa, kisha hifadhi

Dai risiti yenye mwaka, herufi, uzito na namba ya kasha, na haki ya kurudisha kwa maandishi. Mnadani, uliza ada ya mnunuzi kabla ya kutaja dau. Mara nyingi ni karibu asilimia 20, na huongezwa juu ya bei ya nyundo, yaani dau lililoshinda. Ukiisafirisha kutoka Marekani kwenda Dubai, Mombasa au popote, uliza forodha kabla ya kupanda ndege.

Iliyo wazi itie kwenye kasha la duara la plastiki ngumu. Mifuko laini ya vinili huacha utelezi wa kijani. Piga picha pande zote mbili na ubavu.

## Ukitaka kuhamia kwa ndugu wadogo

Dola 10 ina gramu 16.718 na milimita 27. Ubavu wake una nyota zilizotokeza badala ya maandishi. Dola 5 ina gramu 8.359 na milimita 21.6. Dola 2.50 ina gramu 4.18 na milimita 18. Hizi mbili za mwisho, za 1908 hadi 1929, ni kazi ya Bela Lyon Pratt, na mchoro wake umezama ndani badala ya kutokeza. Hivyo sehemu tambarare ndiyo iliyo juu, na ndiyo inayochakaa kwanza. Usiitafute dalili ya uchakavu kwenye shavu la sura iliyochorwa tu.

Inayoghushiwa zaidi ni dola 2.50 ya 1911-D, ambayo ziligongwa 55,680. Herufi D iko upande wa tai, kushoto kwa ncha za mishale, na kwenye nyingi halisi imefifia. Na kipimo cha maji hakitakusaidia sana hapo: sarafu hiyo husoma karibu 0.24, kiasi kwamba mizani ya gramu 0.01 ikikosea tarakimu moja tu, jibu linaruka kutoka 17.4 hadi 16.7. Tafuta mizani inayosoma 0.001, au nenda moja kwa moja kwenye hatua ya 8.